Watoto Arobaini na Mmoja wa Malaea

Malaea alikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha uhasibu, na mikono ya ushonaji ambayo kisiwa kizima cha Savai'i hakijapata kuiona. Anayebisha alete ya kwake tuilinganishe. Barua ya kazi kutoka ofisi ya serikali kule Apia, mji mkuu wa Samoa ng'ambo ya maji, ilikuwa imeshafika: aripoti Jumanne, mara tu baada ya sikukuu ya Jumapili ya Watoto, siku ambayo watoto huvaa nyeupe na kuigiza visa vya Biblia kanisani. Mwenyewe alitaka kubaki na cherehani yake.

Mama yake, Fuatino, akamwekea sharti. "Kijiji kizima kimekupa watoto uwavishe. Nguo moja tu ikituaibisha kanisani, unapanda meli kwenda ofisini, na habari za sindano sitaki kuzisikia tena."

"Na zote zikikaa vizuri?"

"Zikae kwanza, mwanangu."

Watoto arobaini na mmoja, nyeupe tupu. Malaea, kwa kiherehere cha kuwahi, alikuwa amewapima Julai. Haya, mwambie mtoto wa kijiji kile asinenepe mpaka Oktoba! Jumamosi asubuhi walipokuja kujaribu, vifungo havikufikia matundu. Pelenato, mjukuu wa mchungaji, alikwama ndani ya shati mikono juu, kama mwizi aliyekamatwa.

"Shangazi, limenimeza!"

"Wewe ndiye uliyemeza, magimbi ya watu!" Fuatino alimchomoa, kisha akamwambia bintiye kwa sauti ya chini, "Meli ni Jumanne alfajiri."

Malaea alilipindua shati, akaanza kufumua. Fuatino akachungulia, akanyamaza, na kumnyamazisha mwanamke yule si mchezo. Ndani ya kila mshono palikuwa na kitambaa kilichokunjwa, upana wa vidole vitatu. Akavuta gauni lingine, akakuta vilevile. Akavuta la tatu.

"Umeziwekea zote?"

"Watoto wanakua, mama. Niliwaachia nafasi."

Mama akachukua wembe, akakaa chini kufumua. Binti akashona. Kengele ya sala ya jioni ilipolia, nguo ya mwisho ilikuwa kwenye kamba.

Kesho yake watoto waliingia kanisani wakiimba, wawili wawili, na kanisa zima likaacha kujipepea. Malaea hakuwahi kuwaona wote wamevaa. Mezani kwake walikuwa kola na mikono tu. Sasa mlango uliendelea kuwatoa, weupe juu ya weupe, mpaka macho yakamuuma. Akajitazama viganja, kana kwamba ameviazima.

Zamu ya Pelenato ikafika. Alikuwa Danieli kati ya simba, na Danieli gani asiyeinua mikono mbinguni? Akaiinua yote miwili, kwa nguvu zake zote. Fuatino akafumba macho, akisikilizia kwapa za shati zipasuke.

Hakikusikika kitu ila sauti ya mtoto, nyembamba, ikimwita Mungu.

"Mama," Malaea akanong'ona, machozi yakimtiririka, "siendi."

Fuatino alikuwa bado anawatazama watoto, leso puani.

"Nani kakwambia unakwenda? Imba."