Sahani ya Makina Iliyozunguka Nchi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngazi, koleo na rundo la waya, nikaambiwa nipande nguzo iliyokuwa kando ya soko la Makina. Hakuna aliyenieleza ninapanda kufanya nini. Mwajiri wangu, ambaye sote tulimwita Mwenye Stesheni, alisimama chini na mwavuli wake, ananielekeza kwa ncha yake kama anayechagua nyama buchani. Nilipofunga kipaza sauti na kikakoroma ghafla, mbuzi wa soko zima walitawanyika, nami nikaikumbatia ile nguzo kwa mikono na miguu. Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaniambia niende nikanywe chai, kazi nimeshapata.

Nyinyi mnaonipita hapa barazani mkinitupia "niaje babu", hamjui stesheni ilikuwa nini zamani hizo za mkoloni. Redio ilikuwa kitu cha wenye nacho. Yetu ilikuwa redio ya waya. Nyuma ya duka la nguo la Mwenye Stesheni kulikuwa na mtambo wa kukuza sauti, na kutoka kwenye mtambo huo waya zilipita juu ya mapaa mpaka kwenye vipaza sauti vya Makina na Lindi, mitaa yetu ya Kibra. Ukipiga santuri dukani, Kibra yote inasikia. Haikuwa ya serikali, na hakuna aliyetusaidia. Tulikula kwa matangazo ya biashara: sabuni, majani ya chai, dawa ya kikohozi. Mimi nilipewa kuyasoma kwa sababu sauti yangu ilikuwa nzito. Haboba alisema ni nzito kuliko akili yangu.

Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita nyanya. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki nikiwa bado sijajua kutembea. Sikuwa na mtu mwingine.

Baadaye nilipelekwa Kawangware. Huko mzee mmoja Mkristo, mwenye shamba na vyumba vya kupangisha, alikuwa na redio yake ya waya, na badala ya kupigana naye mzee wetu aliamua kumwazima fundi. Fundi huyo nilikuwa mimi. Nilikuta shida ile ile. Mfanyabiashara wa sabuni akitoka kwetu anakwenda kwao, anawaambia Makina ni rahisi. Akirudi kwetu anatuambia Kawangware ni rahisi zaidi. Nakuru, Kisumu na Mombasa pia walikuwepo watu wenye stesheni kama zetu, nao walikuwa wanachezewa vivyo hivyo.

Ndipo Mwenye Stesheni akaanzisha chama, na lazima nikiri kwamba kichwa alikuwa nacho. Alipanda treni mwenyewe, mji hadi mji, mpaka wote wakakubali. Hakuna kusimika nguzo katika mji wa mwenzako. Mwenye tangazo anazungumza na chama, si na stesheni moja moja. Mashine ya kurekodia ni moja, ya wote, na inakaa kila mji kwa zamu. Na kila mji, zamu yake ikifika, unarekodi nyimbo za watu wake, kisha sahani hiyo inasafiri kwa treni ipigwe katika stesheni zote. Hakuna kuzuia sahani. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kubwa, aliisema kila alipofungua mdomo.

Sahani hizo hazikuwa santuri ngumu za dukani. Zilikuwa bati lililopakwa laka, kitu laini kama kucha iliyoloweshwa. Mtu anaimba, mashine inachimba mfereji palepale, na unaweza kuipiga papo hapo. Lakini Fundi Mkuu wetu, Mgoa mmoja mpole sana, alinionya mapema kwamba kila sindano ikipita inaondoka na kidogo. Ukingoni mwa sahani mfereji ni mpana na sauti inakaa. Kadiri unavyoingia katikati mfereji unabana, na huko sindano inakula.

Zamu ya Kibra ilipofika, Mwenye Stesheni alitaka doluka, ngoma yetu ya harusi, na aliyeijua doluka kuliko wote Makina alikuwa haboba. Alikuja amevaa gurbaba yake ya sherehe, ananukia udi, na wanawake wenzake wa ngoma nyuma yake. Mimi nilisoma tangazo la sabuni kwanza, kwa maana tangazo lilikaa ukingoni, mwanzo wa sahani. Kisha yeye akaimba. Wallahi, nilisahau kuangalia mashine. Kesho yake alisimama sokoni akajisikiliza kutoka juu ya nguzo, akasema yule mwanamke anaimba haraka mno, ana njaa nini.

Nilihamishiwa Nakuru, fundi wao alikuwa ameacha kazi. Mashine ikaenda Mombasa kwa zamu yao. Sahani yetu ilichelewa Kawangware, wameipenda, wanaipiga kila siku. Nikiwa huko Nakuru ndipo nilipoletewa habari kwamba haboba ameanguka uani na hakuamka. Sisi hatuweki maiti. Nilipofika Kibra walishamzika, ikabaki nikae mkekani na wanaume nikipewa pole. Nilirudi kazini Nakuru kwa sababu sikujua pa kwenda.

Siku chache baadaye treni ikaleta sahani.

Niliipiga peke yangu mara moja, sauti chini. Nyuma ya uimbaji tayari kulikuwa na mchakacho, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Nikaelewa. Sauti ile haikuwa na nakala, mashine ya kurekodia, ambayo ndiyo ingetoa nakala, iko Mombasa, na mbele kuna Nakuru yote, halafu Kisumu, halafu Mombasa. Bahati ikawa Mwenye Stesheni yuko Nakuru kwa mkutano wa chama. Nilimfuata, nikamwomba sahani ibaki kwangu mpaka mashine irudi tutoe nakala. Nilimwomba nimepiga magoti, sioni aibu kusema.

Aliniinua. Alikuwa amemjua haboba tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ramadhani, mwanangu, nikikuachia hii, kesho Kisumu watazuia yao, na keshokutwa Mombasa. Hapo hatuna chama. Tutarudi kuchezewa."

"Basi tuchezewe," nikamwambia.

"Ipige," akasema. "Haboba wako angetaka isikike."

Haboba wangu angetaka hivyo? Aliulizwa na nani? Lakini mzee alisimama pale mlangoni, nami nilikuwa mwajiriwa. Niliishusha sindano kwa mkono wangu, na nikaishusha tena kila siku waliyopanga, mchana, watu wakibishania bei za viazi chini ya kipaza sauti. Hata mmoja hakuinua kichwa. Kisha nikaifunga kwa gunia, nikaipeleka stesheni ya treni, ikaenda Kisumu.

Mkutano ule ulikuwa wa mwisho. Mwenye stesheni wa Mombasa alikubaliana peke yake na mtu wa sabuni, akabaki na mashine, akatutumia salamu. Kisumu wakakasirika, Nakuru wakajitoa, na Kawangware wakasimika nguzo karibu na zetu. Chama nilichoambiwa nikilinde kilikufa kabla nyasi hazijaota kwenye kaburi la haboba. Mwenye Stesheni alizeeka kwa mwezi mmoja. Aliuza mtambo, akarudi kwenye nguo zake, na hatukuzungumza tena juu ya jambo lile mpaka akafa.

Mimi niliendelea na kazi za mitambo kwa waajiri wengine hadi nikastaafu. Siku hizi nikiona kwenye televisheni stesheni zote za watu binafsi zimejiunga kuonyesha kitu kimoja, wajukuu wanashangilia, mimi naondoka sebuleni. Huniuliza babu, kwani ni vibaya wakishirikiana? Si vibaya. Sina hata neno la kuwafundisha, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Sahani ilirudi Kibra, nikiwa bado sijaondoka kwa mzee. Mtu wa relwe aliileta dukani, na tulikuwa bado na gramafoni, nikaiweka. Ukingoni iko safi kabisa: mimi, kijana mwenye sauti nzito, nawaambia akina mama wa nchi nzima kwamba sabuni hii haina mfano. Kila neno linasikika. Halafu namsikia haboba akivuta pumzi aanze, na baada ya hapo ni mchakacho mpaka mwisho.