Vidole Vilivyobaki Ndani ya Kinanda

Mwanangu, iko siku moja ambayo ningetoa chochote niisahau, na ndiyo ninayoikumbuka kila ninaposhika bisibisi. Sina mvi za kukuita mwanangu, najua. Nimekuzidi miaka michache tu. Lakini aliyeungua haulizwi umri kabla ya kumwonya mwenzake.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya umeme mkononi, kazi hakuna. Nikawa nanunua vinanda vya umeme vilivyotumika, vile ambavyo vitufe vyake vimekufa, naviponya na kuwauzia wanakwaya. Nilifanyia kazi Mamboleo, katika kibanda cha Mzee Odera, fundi aliyeishia shule ya msingi. Alikuwa na desturi iliyonikera. Kabla ya kugusa skrubu alimuuliza mwenye chombo, “Ilikuwa ya nani? Ndani kuna nini?” Jibu aliliandika kwenye kipande cha plasta akakibandika juu yake.

“Mzee, unaogopa jachien?” nilimtania. Ndivyo tunavyouita mzimu wa marehemu.

“Cheka tu, jasomo, msomi wetu. Mzimu sijawahi kupata kwa waya. Vitu vya watu napata kila siku.”

Nilimwona mshirikina. Mimi nilihoji kila kitu: mhubiri, mwanasiasa, hata methali za bibi yangu.

Basi nikanunua kinanda Awasi kwa Mama Akinyi, mjane wa mpiga kinanda wa kanisani. Ukibonyeza kitufe kimoja kilijibu kingine, na kile cha kuchezesha nyimbo kilikuwa kimegoma kabisa.

“Hii kinanda iko na wimbo marehemu alitunga ya harusi ya Akinyi,” mama aliniambia. “Vidole vyake vimebaki humo. Nitolee huo wimbo, baba, kisha kinanda ni yako.”

Binti yake Akinyi alikuwa amesimama mlangoni, akitabasamu. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata.

Mzee Odera alipoona kinanda aliuliza maswali yake, akaandika plasta yake. “Fungua, panguza mpira wa kitufe cha kuchezesha na spiriti, uucheze wimbo na kuurekodi. Usiguse kingine.” Kisha akaenda mazishini Bondo.

Nikabaki na akili zangu. Kitufe kimoja kujibu badala ya kingine? Hapo, niliamua, mpira hauna kosa, ni mipangilio iliyovurugika. Mtandaoni mtu fulani alisema: shikilia vitufe viwili, washa umeme, kinanda kitarudi kama kilivyotoka kiwandani. Nikashikilia. Kioo kikaniuliza kama nina uhakika. Mimi, mhoji wa kila kitu, nikajibu ndiyo.

Vitufe havikupona. Nilipokifungua hatimaye, nilikuta soda iliyokauka chini ya mpira. Pamba na spiriti, dakika kumi, kila kitufe kikaitika. Nikabonyeza cha kuchezesha. Kilifanya kazi vizuri sana. Hapakuwa na cha kuchezesha.

Nilifika Awasi nikiwa nimeshajitungia sentensi. “Mama, nimekuta wimbo umeshafutika.” Tazama sentensi hiyo ilivyo safi, haina mtu ndani yake.

Mama Akinyi hakunitazama. Alimgeukia binti yake. “Si nilikukataza? Kila siku unabonyezabonyeza kitu ya baba yako!”

“Mama, nilikuwa nataka tu kuusikia,” Akinyi alisema, akaanza kulia.

Nami nikanyamaza. Nilikunywa chai yao, nikaondoka.

Nilipomweleza Mzee Odera, hakupaza sauti. “Kuharibu, kila fundi ameharibu. Mimi pia. Lakini umemwachia msichana wa watu mzigo wako aingie nao kanisani. Hapo mimi sina spiriti ya kupanguza.”

Nilirudi Awasi wiki mbili baada ya harusi, nikasema yote. Mama Akinyi alikuwa akipepeta mtama. Alisikiliza hadi mwisho.

“Sasa ukweli wako nifanyie nini, baba? Siku ya harusi mtoto alikataa kucheza. Alisema wimbo wake aliuua mwenyewe.” Akaendelea kupepeta. Hakunipa kiti.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hata hiyo naihoji: mimi natembea vizuri. Aliyevunjika ni mwingine.

Basi hoji, mwanangu; sikuombi uache. Lakini ukishauliza, ngoja ujibiwe. Shaka isiyosubiri jibu ni kiburi kilichovaa joho. Usimdharau mtu kwa kuwa anajua jambo bila kulijulia jina lake la kitabuni. Na ukiharibu cha mtu, sema ungali umesimama mlangoni, kabla hujakaribishwa chai, maana kosa lisilo na mwenyewe huokotwa na asiye na hatia.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi. Na siku mikono hiyo itakapokosea, akupe ulimi unaowahi.