Hina Mbichi Ndani ya Gari ya Baba

Juzi nilipeleka gari yangu kwa fundi kule Nateete, hapa Kampala, kubadilisha bushi, vile vipira vinavyoshika mikono ya magurudumu ya mbele ili chuma kisigonge chuma. Akamaliza, akashusha gari chini, na kabla ya kukaza nati za mwisho akaniambia, "Mama, ingia ukae kidogo, nataka uzito." Rafiki yangu, nilicheka mpaka kuku wa jirani wakahama. Fundi wa watu akaomba samahani, akidhani amenitukana. Kumbe mimi nilikuwa nimesharudi Kisenyi, uani kwetu, mtoto mdogo juu ya paja la haboba. Haboba ni bibi, sisi Wanubi tunamwita hivyo.

Gari ya Baba wakati ule ilikuwa imezeeka kuliko barabara yenyewe. Bushi zilikuwa zimekwisha kabisa, kila shimo inapiga go! go! go! Baba akiwa bado huko mjini kwenye stendi, haboba anaweka chai kwenye sigiri ya makaa, maana ameshaisikia. Mtaa mzima ulikuwa unaitumia kama saa.

Basi shangazi, dada mdogo wa Baba, akapata mchumba. Watu wa bwana arusi walikuwa wanakaa upande wa Kyambogo, wana mali kidogo, wakatuma salamu kwamba wataleta gari yao mpya imchukue bibi arusi, kwa sababu hii yetu itaamsha wafu. Banange! Haboba alirusha mwiko, mpaka leo sijui uliangukia wapi. "Mtoto wangu hatoki hapa na gari ya kuazima. Anatoka na ya kaka yake, basi."

Shangazi naye akamgeukia Baba. "Kaka, nakupenda sana. Lakini nikisikia go moja tu, nateremka na shela langu, napanda boda."

Baba akaapa atabadilisha bushi mwenyewe, uani. Na siku aliyopata nafasi ilikuwa ndiyo siku ya hina, kesho yake arusi.

Ungeona ua ule! Upande huu wanawake wanamenya vitunguu mlima mzima, wanatwanga viungo, wanakoroga hina. Upande ule Baba yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, anatukana bolti kwa Kiswahili cha jeshi alichorithi kwa babu. Bushi za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu zikakataa kutoka. Unajua mafundi wanavyofanya: wanachoma ule mpira mpaka uyeyuke. Baba akatafuta moto, na moto uliokuwa karibu ni sigiri ya haboba. Haboba alikuwa ameenda kuswali. Aliporudi akakuta mkono wa gari umekaa pale sufuria ilipokuwa imekaa, moshi mweusi umefunika mtaa, na pilau pembeni inanuka tairi.

"Wewe! Unawapikia wageni lori?"

"Mama, bado kidogo tu, inaiva!"

Bushi mpya zikaingia kwa maji ya sabuni na kwa kupiga kelele. Baba akarudisha mikono, akakaza nati zote kwa nguvu zake zote, gari ikiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Akashusha. Gari ikakataa kukaa chini! Ikabaki imeinua pua kama mbuzi aliyesikia jina lake. Baba akaizungusha uani kidogo, ikaanza kulia kwiii, kwiii. Shangazi akaja mlangoni, miguu imefungwa mifuko ya plastiki juu ya hina mbichi. Aliangalia tu upande wa stendi ya boda. Baba akakaa juu ya tofali.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Mkenya, muuza spea, ndiye aliyemuuzia Baba zile bushi. Alikuwa amekuja kula.

"Mzee, si umezikaza zikining'inia? Ukishusha gari, mpira unajinyonga. Legeza zote, gari isimame kwa miguu yake, ijae watu kama itakavyojaa kesho, ndio ukaze."

"Ungesema asubuhi!"

"Asubuhi haukunialika."

Baba akalegeza nati zote, wakapandisha magurudumu juu ya mbao nene apate kuingia chini, akapiga kelele, "Ingieni wote!" Wakaingia. Haboba mbele na mimi pajani, majirani nyuma wamepangana kama samaki wa mkebe, watoto kwenye buti, na shangazi akabebwa kama yai, akawekwa katikati, mikono juu ili hina isiguse mtu. Karafuu, jasho, vitunguu na grisi, vyote ndani ya gari moja. Ukiweka wanawake wa Kinubi pamoja hivyo utazuia wimbo? Wakaanza. Mabega yakaanza kutikisika. Gari nayo ikacheza.

"Msicheze!" Baba akalia huko chini. "Spana inakimbia!"

"Kaza wewe!" haboba akajibu. "Sisi tuko kazini!"

Akakaza. Kesho yake tukatoka Kisenyi mpaka Kyambogo, mashimo yote ya Kampala yakatupita chini, na sikusikia hata kikohozi. Sasa kumbe wale watu wa bwana arusi walikuwa wanangoja kusikia go go go ndio watoke na ngoma. Tukafika kimya mpaka mlangoni kwao, bwana arusi bado yuko na fulana na soksi moja! Haboba akashusha kioo polepole. "Tumewaamsha?" Shangazi alicheka mpaka shela likamwanguka.

Ua ule leo ni jengo la maduka, ghorofa juu ya ghorofa. Haboba tumemzika, shangazi mwenyewe sasa ni haboba wa watu. Juzi nilipotoka kwa fundi, gari inaenda laini kama maziwa, nikasema nikusanye watu tuzunguke tu, tuimbe. Nikapiga simu. Huyu ana mkutano, yule yuko kwenye foleni, mwingine akaniuliza, "Kuna msiba?" Hapana, nikamwambia, kuna nafasi ndani ya gari.