Utafikia kwa Nani Japani?

Saluni nzima ya Wakongomani huku ughaibuni, mtaa wa Chaussée de Wavre, ilinigeukia niliposema naenda Japani peke yangu baridi hii: Tokyo, Kyoto, halafu milimani kwenye chemchemi za maji moto.

"Utafikia kwa nani?" akauliza dada yangu mkubwa. Kwetu mtu hasafiri bila ndugu wa kumpokea.

"Hotelini."

"Na kule wanaoga uchi, mbele ya watu wasiowajua!"

"Bon, na mimi kazi yangu ni nini? Kila asubuhi naogesha wazee wa watu kwenye makao yao kule Auderghem. Uchi gani sijauona? Safari hii naoga mimi."

Dada akatoa simu amtafute Mkongomani yeyote aliyeko Kyoto, aje anipokee. Nikamnyang'anya ile simu, nikaikalia, nikamwambia msusi aendelee kusuka.