Ndoo Mlangoni

Baada ya askari kupora maduka na kuyachoma, niliwapeleka watoto wangu wawili kwenye kituo cha wazimamoto, bapompie kama tunavyowaita, ili hofu ya moto iwatoke. Gari jekundu lilikuwa juu ya matofali, halina matairi.

"Papa, mapine iko wapi?" binti yangu aliuliza.

"Banatengeneza," nilijibu upesi. Mzimamoto aliyetupokea aliinamisha macho, kisha akampakata binti yangu kwenye kiti cha dereva.

Jioni, nyumbani Kamalondo, nilijaza maji ndoo zote na kuzipanga mlangoni. Binti alinitazama.

"Papa, bapompie batakuja, ao hapana?"

"Batakuja."

"Sasa mayi yote hii ni ya nini?"

Hapo nilipaswa kumwambia ukweli na kumwonyesha pa kukimbilia. Nilimwambia alale. Hakulala.