Goli la Kwenye Maji

Baba yangu alikuwa mwoka mikate, nami nilikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda tanurini watu wanalala, akarudi watu wanaamka, unga umemkaa kwenye nyusi. Akishakunywa chai alilala mpaka adhuhuri. Kwa hiyo alasiri zilikuwa zake mwenyewe. Wanaume wengine wa mtaa wetu pale Mji Mkongwe alasiri zao walizipeleka barazani, wakanywa kahawa na kuzungumza siasa, ambayo miaka ile haikuwa haba. Baba hakuwa msemaji. Akishasali alivaa kanzu safi, akachukua mwavuli, akasimama chini ya ngazi na kuita, "Twende, mama."

Mama huyo nilikuwa mimi. Nilipewa jina la mama yake, na yeye bibi alikuwa hai, anaishi nasi. Akiitwa mama mmoja, tuliitika wawili.

"Naam," nilisema mimi.

"Wapi?" alisema bibi kutoka juu.

"Mpirani," alijibu baba, na bibi alirudi kwenye uradi wake.

Tulikwenda Mnazi Mmoja kuitazama timu ya chuo cha ualimu. Baba aliishabikia timu ile kwa sababu moja tu: mikate ya chuo ilitoka kwenye tanuri lake. Vijana wale walikuwa wakikimbia kwa mkate wake, na yeye alitaka kuona unakwenda wapi. Mara nyingi haukwenda mbali. Chuo kilifungwa na timu ya forodhani, kikafungwa na timu ya polisi, kikafungwa hata na timu ya mafundi seremala ambao nusu yao walikuwa na vitambi. Timu ile ilikuwa na kasoro isiyo na dawa: wachezaji wake walikuwa wakihitimu. Mtu akishazoea kupiga kona, anapewa cheti na kutumwa Pemba kufundisha hesabu. Mwaka unaofuata wanaanza upya na watoto wengine kutoka Makunduchi na Donge, ambao mpira wa ngozi wamekutana nao mjini.

Baba alisimama pahala pamoja siku zote, kando ya goli la upande wa mivinje, usawa wa mlingoti. Mikono nyuma, mwavuli umening'inia kwenye kiganja. Hakupiga kelele wala hakuruka. Chuo kikifungwa alisema, "Aa." Chuo kikifunga, alisema pia "Aa," ila fupi zaidi. Niliweza kuzitofautisha. Wakichoka kipindi cha pili, alitikisa kichwa na kuniambia kwa sauti ya chini, "Hawakumaliza mkate asubuhi."

Mimi nilipenda kila kitu. Nilipenda bendeji walizofunga vifundoni, maana wengi walicheza bila viatu. Nilipenda ule mlio wa mguu mtupu ukigonga ngozi. Zaidi ya yote nilimpenda golikipa wao, kijana mrefu wa Jambiani mwenye viganja kama sinia, ambaye kila akidaka alisema "Bismillahi" kwa sauti, na kila akikosa alisema "Alhamdulillahi," kwa sauti ile ile.

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa inaingia pamoja na masika, na msimu ulikuwa ufungwe kabla ya mwezi kuandama. Mechi ya mwisho ilikuwa chuo na wachukuzi wa bandarini. Chuo kikitoka sare, kingemaliza cha pili kutoka chini. Kikifungwa, kingeshika mkia. Siku ile baba aliamka mapema, akakaa kitini na kofia kichwani saa nzima kabla ya adhana ya alasiri.

Mvua ilianza kipindi cha pili, na timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja. Watazamaji wengine walikimbilia chini ya mivinje. Sisi tulibaki. Mpira ulijaa maji, ukawa mzito kama gunia, na ukipigwa haukwenda. Golini kwetu pakafanyika dimbwi, mbele na nyuma ya mstari.

Zilikuwa zimebaki dakika chache mchukuzi mmoja mwenye shingo nene alipoupiga kutoka mbali. Golikipa wetu akasema bismillahi, akaruka, akateleza. Mpira ukampita polepole, kama mtu anayeingia nyumba ya watu, ukatua kwenye dimbwi na kukaa. Mlinzi mmoja wa chuo akaja mbio, akautoa kwa kisigino.

Wachukuzi wakapiga ukelele wa goli. Wanachuo wakasema hakuna goli. Chokaa ya mstari ilishaondoka na mvua, na nyavu hazikuwepo. Mshika kibendera alikuwa ameanguka kwenye matope upande wa pili, na alipoinuka alisema hakuona kitu ila anga. Refa, Mgoa mmoja mwembamba aliyekuwa karani, akafuta miwani kwa fulana iliyoroa, akaivaa, akaivua tena.

"Muulize mzee wa mkate," mchukuzi mmoja akasema. "Yupo pale pale."

"Muulize," wanachuo wakakubali. Pande zote mbili zilikula mkate wake, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akisema.

Refa akaja. Wachezaji wote wakaja nyuma yake, wanatiririka maji.

"Mzee, umeuona mpira? Uliingia?"

Baba alikuwa na mwavuli uliogeuzwa na upepo, mbavu zake zote nje. Alikuwa akipigana nao tangu mpira ulipopigwa.

"Mie sikuona," akasema. "Nlikuwa na mwavuli."

Wakaguna. Baba akafikiri kidogo.

"Lakini mtoto kaona."

Kuna waliocheka. Refa hakucheka. Alichuchumaa mpaka miwani yake ikawa sawa na uso wangu, akaniambia, "Binti, sema ulichokiona. Usiogope mtu."

Nilimtazama baba. Baba aliutazama mwavuli. Nikamtazama golikipa wangu, amepakaa matope mpaka kwenye kope, naye ananitazama kama anayengojea daktari aseme.

"Uliingia," nikasema.

"Wote?"

"Wote. Ulikaa ndani ya maji, nyuma ya mlingoti. Halafu yule kaka akautoa kwa kisigino."

Yule kaka akainama kuifunga bendeji yake, ambayo ilikuwa imefungika vizuri. Refa akapuliza filimbi, akaonesha kati. Wachukuzi wakabebana. Chuo kikashika mkia.

"Aa," akasema baba.

Tulirudi nyumbani bila mwavuli, kwa sababu aliuacha pale pale chini ya mvinje. Maji yalikuwa yakipita vichochoroni na sisi tukipita nayo. Tulipofika Darajani ndipo aliponiuliza.

"Una hakika, mama?"

"Naam."

"Basi."

Tukaendelea. Baadaye kidogo akasema, "Kesho mikate ya chuo ntaipeleka mwenyewe." Mikate ile ilikuwa na kijana wake wa kuipeleka kwa baiskeli. Nilielewa kwamba baba hakutaka kijana wa watu akaulizwe mambo ya nyumba yetu. Asubuhi yake akaipeleka kweli. Mwanachuo mmoja alipokea boflo, akaligeuza chini juu, akamuuliza, "Mzee, huu mkate umeiva, au tumuulize mtoto?" Baba aliyarudia maneno hayo mezani bila kubadilisha uso, na mpaka leo sijui kama yalimchekesha au yalimuuma.

Lakini hayo yalikuwa ya asubuhi. Jioni ile ya mechi, habari ilitutangulia nyumbani. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka na tasbihi imepumzika magotini, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Shikamoo, bibi," nikasema, natona maji.

"Marahaba." Akamgeukia baba. "Nnasikia mwanao kawa refa."

"Aliulizwa tu, mama."

"Na nani?"

"Na refa."

"Mbele ya wanaume wangapi?"

Baba akavua kofia, akaikamua. "Walikuwepo watu," akasema.

"Mtoto huyu si mtoto tena. Mtazame kimo. Mwakani yuko ndani ya buibui, na buibui halisimami golini." Bibi hakupaza sauti. Hakuwahi kupaza sauti. "Kusema kweli kasema kweli, na Mungu amlipe. Lakini keshasema, yatosha."

Mama yangu alikuwa mlangoni na taulo mkononi. Mkwewe alikuwa akizungumza, kwa hiyo alinikausha kichwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Naam, mama," akasema baba.

Nilimngojea aongeze neno. Hakuongeza. Nilikwenda kulala nimemkasirikia yeye, si bibi. Bibi alisema alichokiamini. Baba nilijua anaamini kitu kingine, na kimebaki tumboni.

Baada ya Idi alikuja mgeni kupiga hodi chini. Alikuwa golikipa, amevaa kanzu na koti, begi la bati mkononi. Amemaliza chuo, alisema, anapelekwa kufundisha shamba, amekuja kumuaga mzee wa mkate. Bibi akaamuru apewe kahawa. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na sahani ya halua, nangojea mama aje kuichukua, na mama hakuharakisha.

Wakanywa. Kisha golikipa akasema, "Mzee, lile goli."

"Ndiyo."

"Liliingia. Mie niliuona umelala ndani. Nilikuwa chini, macho yangu na mpira sawasawa."

Baba akaweka kikombe. "Na mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua vizuri. Baba alikuwa akicheka, kicheko kikavu, kama mkate wa jana unavunjwa. Golikipa naye akacheka. Bibi akamwambia, "Mwalimu, watoto utakaowafundisha, wafundishe waseme kabla hawajaulizwa." Akajibu, "Inshallah, bibi." Akaondoka na mikate sita ndani ya begi la bati, na sikumwona tena.

Msimu mpya ulipoanza baba alikwenda peke yake, na mwavuli mpya. Nilikaa dirishani na buibui langu jipya ambalo sikuwa na pa kulivalia. Aliporudi nilimuuliza, "Ikawaje?"

"Wamecheza."

"Wakafungwa?"

"Wakafungwa."

"Nani alifunga?"

"Yule mrefu."

"Baba, warefu wote!"

Alisimama pale, akaona kwamba sijamsogelea kupokea kofia yake. Safari iliyofuata alirudi na majina. Aliwauliza wachezaji mmoja mmoja, mtu ambaye hakuwahi kumuuliza mtu jina, akayakariri njia nzima. Safari ya tatu alichukua vikombe vya kahawa, akavipanga juu ya sinia, vya chuo vimepinduliwa, vya wapinzani vimesimama, na kokwa ya tende ikawa mpira. Alianza kuhadithia. Mwanzo maneno yalimtoka kwa tabu, mojamoja. Lakini kikombe kikishasogezwa hudai maelezo, na mimi sikumpa nafasi. Sentafowadi alikuwa wapi? Nani alimpa? Kwa mguu gani? Kufika katikati ya msimu baba alikuwa akisema sentensi nzima, tena nyingine mbili zikifuatana.

Bibi alikaa kwenye mkeka wake ametupa mgongo. Siku moja, bila kugeuka, aliuliza, "Huyu wa pembeni mbona hapewi mpira?"

Baba akakitazama kikombe cha pembeni. "Hapewi, mama."

"Waambie wampe."

Sijui kama aliwaambia. Najua kwamba baada ya hapo mkeka ulianza kusogea, na mama naye akawa anamenya vitunguu humo humo chumbani.

Mechi ya mwisho ya mwaka ule chuo kilitoka sare, kikamaliza cha pili kutoka chini. Baba aliingia na viatu mpaka kwenye sinia. Alikuwa bado hajafika mwisho wakati mwadhini alipoanza kuadhini magharibi. Akanyamaza, mkono wake juu ya kikombe, akamtazama mama yake.

"Malizia kwanza hiyo kona," bibi akasema.

Akamalizia. Kona haikuzaa kitu.