Mzinga wa Mjerumani na vidole vya Shabani

Kijana wa watu amepoteza vidole vitatu leo hapa Handeni, na anayelaumiwa ni mimi fundi.

Ule mzinga wa vita vya Mjerumani nimeutengenezea magurudumu mwenyewe, usimame watu wauone kwenye igizo la Jumamosi. Nikaiambia kamati ya igizo: una ufa, baruti msitie, mlio tutautoa kwenye spika.

Mwenyekiti akacheka. "Fundi mzima unaogopa kishindo?"

Leo kwenye mazoezi wakatia baruti ya machimboni.

Wakawasha. Kimya. Nikasema jamani, nusu saa, asisogee mtu.

Shabani, anayeigiza askari wa mzinga, akasema, "Umelala huu, mzee wangu," akaingiza mkono kwenye tundu la mbele.

Ukalipuka.

Nimemfikisha hospitali Korogwe, hata damu sijanawa, mwenyekiti anapiga simu: "Fundi, ufa umeongezeka. Utauchomelea kabla ya Jumamosi?"

Nimerudi na mashine. Ufa sijaugusa. Nimechomelea bamba la chuma la milimita kumi kwenye tundu la mbele. Utatazamwa tu.

Sasa naambiwa nimeharibu historia.

Sawa. Mama yake Shabani amekaa nje ya wodi. Mwenye ubavu aende akamweleze hiyo historia.